Jinsi ya kumsoma mtumwa ndani ya daftari la bwana: nyaraka za familia za mashamba ya Virginia

Familia za mashamba makubwa ya Virginia katika karne ya 18 hazikuandika habari za watumwa wao. Ziliandika hesabu. Zilichokiacha ni madaftari ya mapato na matumizi, nakala za barua kwa mawakala wa London na Glasgow, wosia, hati za rehani, bili za vitambaa, risiti za mkunga na orodha za mali ya marehemu. Watumwa wamo humo kwa mamia, lakini kila mmoja ameingia kwa mlango wa fedha: amenunuliwa, amelipiwa kodi, amekatiwa kitambaa, amewekwa rehani, au ametoroka na kumgharimu bwana tangazo gazetini. Anayefungua sanduku la nyaraka hizo akitafuta wasifu wa mtu atalifunga mikono mitupu. Anayeuliza mbele ya kila mstari, "karani huyu alikuwa anamhesabia nani nini?", ataanza kuona watu.

Maelezo haya yanahusu Virginia hasa, pamoja na Maryland na Carolina mbili pale sheria au vipimo vinapotofautiana, tangu kama mwaka 1700 hadi 1830.

Anza na ndoa za wenye mali

Kabla hujaomba sanduku la kwanza, chora ukoo wa wenye shamba kwa vizazi vitatu au vinne: nani alimwoa nani, mwaka gani, nani alifiwa, nani aliolewa tena. Inaudhi kuanza na mabwana wakati unaowatafuta ni watumwa, lakini watu walihamishwa kwa kifo na kwa harusi, na makaratasi yakafuata njia hiyohiyo. Orodha unayoihitaji huenda haimo katika nyaraka za shamba lenyewe. Imo katika nyaraka za mkwe, au za wakili wa mkwe.

Mount Vernon, shamba la George Washington, inaonyesha vizuri jambo hili. Daniel Parke Custis alifariki 1757 bila wosia. Mjane wake, Martha, akapata haki ya kutumia theluthi ya watumwa maisha yake yote, bila kuwa mmiliki wao. Mapema 1759 akaolewa na George Washington. Mwaka 1799, miezi michache kabla ya kufa, Washington aliandika orodha ya watumwa 317 waliokuwa Mount Vernon, na akawatenga: wake mwenyewe upande mmoja, wa haki ya mjane upande mwingine, na wengine aliowakodi kwa jirani. Wosia wake uliwaachia huru wale wa kwanza tu, kwa kuwa wa haki ya mjane hawakuwa mali yake kuwaacha. Martha alipofariki 1802, hao wakagawanywa kwa wajukuu wanne wa Custis. Kwa hiyo mume aliye katika safu ya kwanza na mke aliye katika safu ya pili wanaachana kwenye karatasi hapohapo. Ukitaka kujua mke na watoto walikwenda wapi baada ya 1802, unaacha nyaraka za Washington na kufuata nyumba nne za wajukuu.

Weka pia karatasi ndogo ya sheria kando yako, maana sheria ndiyo ilimwambia karani aandike nini. Tangu 1662 mtoto Virginia alifuata hali ya mama yake: mama mtumwa, mtoto mtumwa. Ndiyo maana orodha hupanga watoto chini ya mama na kumwacha baba. Baba hakuhitajika kwenye hesabu. Usije ukaandika "baba hajulikani" kwa sababu tu safu haina jina lake. Andika "baba hakutajwa", ambalo ni jambo jingine kabisa.

Kuanzia 1705 hadi 1792 sheria ya Virginia iliwahesabu watumwa, kwa mambo mengi ya urithi, kama mali isiyohamishika, sawa na ardhi. Katika miaka hiyo utawakuta ndani ya hati za mashamba, tena mara nyingine wakiwa wamefungwa na shamba ili wote warithiwe pamoja, jambo lililofutwa 1776. Kwa hiyo usipite hati ya ardhi ya 1740 ukidhani ni mipaka na miti ya alama tu. Mwaka 1782 iliruhusiwa kumwacha mtumwa huru kwa hati ya mtu binafsi, na tangu 1806 aliyeachwa huru alitakiwa kuondoka Virginia ndani ya miezi 12. Hati za uhuru zilizoandikwa kati ya miaka hiyo miwili ni hazina. Hati ya Robert Carter wa Nomini Hall ya 1791 inataja kwa jina na umri zaidi ya watu 450.

Sanduku lenyewe

Mwongozo wa mkusanyo unaotolewa na hifadhi huwa na jalada moja au mawili yaliyoandikwa "orodha za watumwa". Watu wengi huomba hayo, huyapiga picha na kuondoka. Omba hayo kisha uombe yale yasiyopendeza: risiti, hati za madeni, "mengineyo", hesabu za wasii. Huko ndiko majina yalikojificha. Wala usishangae nyaraka zikiwa mbali na shamba: Daftari la Shamba la Thomas Jefferson wa Monticello liko Boston, kwenye Massachusetts Historical Society, na nyaraka za ukoo wa Cameron, waliokuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa kabisa wa North Carolina, ziko Chapel Hill.

Mikono iwe safi na mikavu, bila glavu. Glavu hukuondolea hisia ya vidole ukachana ukingo wa karatasi. Kalamu ya risasi tu. Wino wa wakati ule ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma na vivimbe vya mti wa mwaloni, na kadiri miaka inavyopita hula karatasi mpaka herufi zikatoboka. Ukurasa wa namna hiyo usiukunjue kwa nguvu. Mwite mtunza nyaraka. Piga picha bila mmweko, ukianza na kibandiko cha jalada, kisha kila ukurasa mbele na nyuma. Nyuma ni lazima hata ikionekana tupu, kwa sababu barua zilikunjwa bila bahasha na mpokeaji aliandika mgongoni muhtasari wake: kutoka kwa nani, tarehe gani, kuhusu nini. Mara nyingine jina la mtumwa limo katika muhtasari huo, na ndani ya barua ameitwa "yule kijana" tu.

Karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, yenye maandishi yaliyofifia na kutawanyika, huwa ni nakala ya mashine ya kukandamizia iliyopewa hataza 1780. Isome kwenye picha ukiwa umeongeza ukolezi, si kwa macho dhidi ya taa.

Tarehe na fedha, makosa mawili ya kila siku

Kabla ya 1752 mwaka mpya wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Makarani waangalifu waliandika miaka miwili kwa siku za kati: 10 Februari 1739/40 kwetu ni 1740. Asiyekuwa mwangalifu aliandika 1739 tu, na mtoto aliyezaliwa Februari anaonekana amezaliwa kabla ya dada yake mkubwa. Ukikuta mfuatano wa namna hiyo, angalia kalenda kwanza kabla ya kumlaumu karani. Mwaka 1752 wenyewe, tarehe 2 Septemba ilifuatwa na 14 Septemba, hivyo daftari la nyapara lisiloonyesha kazi siku 11 halijapotea ukurasa. Tena "7ber" ni Septemba na "8ber" ni Oktoba, kufuata Kilatini. Anayesoma Julai na Agosti anaharibu hesabu yote ya msimu.

Kwenye fedha, pauni 1 ni shilingi 20, na shilingi 1 ni peni 12. Kwa hiyo "12.10.6" ni pauni 12, shilingi 10, peni 6, wala haina uhusiano na desimali. Geuza kila kitu kiwe peni kwenye jedwali lako (hapa 3,006) ndipo ujumlishe. Halafu uliza ni pauni ya wapi. Pauni ya Virginia haikuwa pauni ya Uingereza, wala ya North Carolina. Njia rahisi ya kuzilinganisha kwa miaka ya mwishoni mwa karne ni kupitia dola: dola moja ilihesabiwa shilingi 6 Virginia, shilingi 7 na peni 6 Maryland na Pennsylvania, shilingi 8 North Carolina na New York, shilingi 4 na peni 8 South Carolina na Georgia. Mtu aliyethaminiwa pauni 60 Virginia ni dola 200. Pauni hizohizo 60 Maryland ni dola 160, North Carolina ni dola 150. Aliyepuuza hilo huandika kwamba familia ilihamia kusini na thamani ya watu wake ikapanda, kumbe kilichobadilika ni sarafu.

Deni pia lililipwa kwa tumbaku, kwa ratili. Pipa kubwa la tumbaku, linaloandikwa kwa kifupi "hhd", lilikuwa na kama ratili 1,000 kuelekea mwisho wa karne ya 18. Safu isiyo na alama ya pauni huenda inahesabu tumbaku.

Mwandiko

Herufi s ndefu inafanana na f bila mkato kamili. "Ye" ni neno la Kiingereza "the", y ikisimama mahali pa herufi ya kale ya sauti "th". "Jno" ni John, "Jas" ni James, "Wm" ni William. "Inst" ni mwezi huu, "ult" ni mwezi uliopita. Andika alfabeti ya karani wako kwenye karatasi moja, ukinakili kila herufi kubwa kutoka kwenye maneno uliyo na hakika nayo. Herufi kubwa ndizo zinazopotosha majina: J na I ni moja, L na S hubadilishana, T na F pia.

Kifupi kinachostahili kukaziwa macho ni "do", yaani "kama ilivyo juu". Tarehe 2 Julai 1766 Washington alimwandikia nahodha Thompson barua ya kumkabidhi mtumwa aitwaye Tom, auzwe kwenye visiwa vya West Indies. Alitaka aletewe badala yake pipa kubwa la molasi bora. "Ditto" moja ya ramu bora. Pipa la ndimu kama ni nzuri na rahisi. Chungu cha ukwaju cha ratili kama 10. "Do" mbili ndogo za matunda ya sukari, kama ratili 5 kila moja. Na kilichobaki kiwe pombe kali nzuri ya zamani. Neno ni moja, maana ni mbili: "ditto" ya kwanza ni pipa kubwa kama la molasi, "do" ya pili ni chungu kama cha ukwaju. Kwenye orodha ya watu kosa hilohilo hukupa mtumwa asiyekuwapo, au humfuta aliyekuwapo, maana "do" chini ya jina inaweza kurudia kazi, shamba, au neno la hali kama "mgonjwa", kutegemea imekaa chini ya safu ipi. Tumia rula. Shusha mstari kutoka neno la juu mpaka "do" ndipo uamue.

Soma barua hiyo tena kwa lile swali la kwanza: nani anahesabiwa nini? Washington anamwuza mtu, kwa hiyo analazimika kumsifu. Anasema Tom ni mtoro na mkorofi, kisha anasema ni mwenye afya sana, mwenye nguvu, hodari wa jembe, na kwamba aliwahi kuongoza kundi la wafanyakazi. Anamwomba nahodha amweke pingu mpaka watakapokuwa baharini. Tuhuma ya ukorofi inaeleza sababu ya kuuzwa. Sifa zinatengeneza bei. Pingu ni tahadhari ya gharama. Kilichobaki baada ya kuchuja hayo ni habari ya hakika: Tom alikuwa kiongozi wa kundi. Hapo una kitu cha kutafuta kwenye orodha za kodi na hesabu za miaka iliyotangulia.

Orodha ya mali ya marehemu

Mwenye mali akifa, mahakama ya kaunti iliteua majirani kadhaa wa kuthamini kila kitu, na orodha yao ikanakiliwa kwenye daftari la wosia la kaunti. Kwa hiyo mara nyingi kuna matoleo mawili: ya familia na ya mahakama. Tafuta yote. Nakala ya mahakama iliandikwa na karani asiyewajua watu hao, na majina yake hupinda.

Usiandike majina tu. Andika namba ya mstari. Wathamini walitembea: nyumba kubwa, jiko, zizi, makazi ya shamba la kwanza, la pili. Mpangilio wa mistari ni mpangilio wa miguu yao, na waliosimama pamoja mbele yao mara nyingi waliishi pamoja. Chukua mistari sita ya kufundishia, isiyotoka kwenye orodha yoyote halisi: Harry £70, Nan £55, Sam £40, Lucy £30, Jack £18, Nan Mzee £0. Mwanamume, mwanamke, thamani tatu zinazoshuka ngazi kwa ngazi, kisha sifuri. Inanukia familia: baba, mama, watoto watatu kwa umri, na bibi ambaye jina lake amepewa binti yake. Inanukia tu. Kuna wathamini waliopanga wanaume kwanza, kisha wanawake, kisha watoto, na kwenye orodha ya namna hiyo jirani wa mstari si ndugu. Kagua ukurasa mzima kabla ya kuamua mpangilio ni upi. Kama wanaume 20 wamefuatana bila mwanamke, sahau wazo la familia.

Thamani nayo inasomeka. Sifuri au nafasi tupu humaanisha uzee au ulemavu. Humaanisha pia kwamba wathamini waliona mtu huyo atagharimu chakula kuliko kazi atakayofanya. Mwanamume mwenye thamani kubwa kupita wa rika lake huwa fundi: seremala, mhunzi, mtengeneza mapipa. Mwanamke aliyethaminiwa pamoja na mtoto kwa bei moja ana mtoto mchanga. Na ukikuta kwenye wosia neno "increase" baada ya jina la mwanamke, yaani ongezeko, hapo wanarithishwa watoto ambao hawajazaliwa. Nakili neno hilo lilivyo, kwa sababu kesi za miaka 30 baadaye zitagombania maana yake: je, aliyezaliwa kati ya wosia na kifo cha bwana ni wa nani? Faili za kesi hizo, hasa za mirathi, huwa na ushahidi wa nani ni mtoto wa nani ambao familia yenyewe haikuwahi kuuandika. Library of Virginia mjini Richmond imeweka nyingi kwenye intaneti.

Thibitisho la Harry na Nan litatoka kwenye orodha nyingine ya miaka mingine, iliyoandikwa kwa sababu nyingine. Orodha mbili zenye sababu moja hunakiliana makosa.

Viatu, blanketi, mahindi na mkunga

Orodha za mgao ndizo ninazoziamini zaidi, kwa kuwa kosa ndani yake liligharimu kitambaa halisi. Kitambaa hukatwa kulingana na mwili, kwa hiyo yadi za mtoto huongezeka mwaka hadi mwaka mpaka afikie za mtu mzima. Ukiwa na orodha za miaka mitano unaweza kukadiria umri wa mtoto ambaye tarehe yake ya kuzaliwa haipo. Kitambaa kigumu cha kitani utakikuta kimeandikwa "osnaburg", "oznabrigs", "ozenbrigs" na namna nyingine za kuchekesha. Vyote ni kimoja. Orodha za chakula za Jefferson zinawapanga watu kwa nyumba, mama mbele na watoto nyuma yake. Watoto wa Sally Hemings, mtumwa wa Jefferson, wamo humo kwa utaratibu huohuo, chini ya mama, bila baba.

Mgao wa mahindi ulioenea kwa mtu mzima ulikuwa "peck" moja kwa wiki, yaani robo ya "bushel", kama lita 8.8, karibu nusu debe. Kwa mwaka ni bushel 13. Tumia hesabu hiyo kupima daftari: watu wazima 40 wanahitaji bushel 520. Kama daftari linaonyesha 200 tu zilizotolewa, huenda unasoma shamba moja la pembeni wakati orodha ya majina ni ya mashamba yote. Wakuu hao waliyagawa mashamba yao vipande vipande, kila kipande na nyapara wake na daftari lake. Mount Vernon peke yake ilikuwa na matano.

Malipo ya mkunga hukupa siku ya kuzaliwa. Angalia kama tarehe iliyoandikwa ni ya huduma au ya malipo, maana mkunga aliweza kulipwa mara moja kwa mwaka kwa watoto sita. Orodha za kodi nazo zina lango la umri: Virginia ilitoza kwa kila mtumwa, mwanamume au mwanamke, kuanzia miaka 16. Jina linalojitokeza kwanza kwenye orodha ya 1771 ni la aliyetimiza miaka 16 karibu na hapo, au la aliyenunuliwa mwaka ule. Daftari la matumizi litakuambia ni lipi.

Mikataba ya kukodisha watu ilianza kawaida tarehe 1 Januari na kwisha Krismasi. Mtu anayetoweka kwenye orodha ya viatu huenda hakufa wala hakuuzwa. Yuko kwa jirani kwa mwaka mmoja, na viatu vyake viko kwenye mkataba. Na kama daftari limekaa kimya, pitia magazeti. Virginia Gazette lilianza 1736, na matangazo ya watoro yanataja urefu, makovu, ufundi, lugha, na mahali anakodhaniwa kukimbilia, ambako ndiko aliko mke, mama au bwana wa zamani.

Majina na maneno ya kuficha

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Anayemjua Juma na Hamisi hatashangaa kusikia kwamba Waakan wa Afrika Magharibi pia huwapa watoto majina ya siku. Cudjo ni Kojo, wa Jumatatu. Quaco ni Kwaku, wa Jumatano. Cuffee ni Kofi, wa Ijumaa. Quash ni Kwasi, wa Jumapili. Kwa wanawake, Juba ni wa Jumatatu, Phibba wa Ijumaa, na Cuba wa Jumatano, ambaye hana uhusiano wowote na kisiwa. Makarani waliyageuza yafanane na ya kwao: Phibba akawa Phoebe, Cudjo akawa Joe. Ndiyo maana jedwali linahitaji safu mbili za jina, moja kama lilivyoandikwa, nyingine ya jina unaloliunganisha. Usisahihishe ile ya kwanza kamwe. Lakini usiruke pia: anayeitwa Cuffee mwaka 1790 huenda babu yake ndiye aliyetoka Afrika.

Neno "mtumwa" lenyewe ni adimu kwenye barua. Utakuta "watu wangu", "mikono", hata "familia", ambayo katika karne ile iliwajumuisha wote walio chini ya bwana. "Mtumishi" ni la hatari zaidi. Kabla ya Mapinduzi ya Marekani huenda ni Mwingereza wa mkataba, au mfungwa, maana Uingereza ilisafirisha wafungwa wengi Virginia na Maryland kati ya 1718 na 1775. Kama ana jina la ukoo na muda wa kutumikia, huyo ni wa mkataba. Kwenye barua ya 1820, kwa kawaida ni mtumwa. "Amerekebishwa" ni amechapwa. Acha neno la karani kwenye nakala yako, maelezo yako yaingie kwenye safu ya maoni.

Jedwali

Mstari mmoja kwa kila kutajwa, wala si kwa kila mtu. Anayetajwa mara 14 ana mistari 14. Safu: jina lilivyoandikwa, jina la kuunganisha, tarehe, aina ya hati, sababu ya hati, shamba, namba ya mstari, mama, mwenzi, umri, thamani na sarafu yake, sanduku, jalada na namba ya picha, maoni. Watu wakishaingia wote ndipo uwaunganishe, na kila muunganisho uupe kiwango: hakika, yaelekea, huenda. Majina mawili yanayofanana hayaunganishwi bila alama ya tatu, kama mama, shamba au ufundi. Kila shamba lilikuwa na Sam watatu, na kutenganisha watu waliokwisha kuchanganywa ni kazi ngumu kuliko kuunganisha waliotengwa.

Matoleo yaliyochapishwa ya nyaraka hizi yatumie kama ramani tu. Ya zamani mara nyingi yalikata orodha za watumwa yakiziona ni marudio, na faharasa zake huwataja weupe. Kaunti kadhaa za Virginia pia zilipeleka vitabu vyao Richmond vikae salama wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vikateketea katika moto wa Aprili 1865. Kwa kaunti hizo nakala ya familia ndiyo pekee iliyobaki.

Mwisho wa jedwali ongeza safu ya wamiliki wote wa kila mtu kwa mfuatano, pamoja na kaunti zao. Sensa za shirikisho za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa kwa umri na jinsia, kwa kawaida bila majina, na ile ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wote kwa jina na ukoo. Jina la ukoo walilotumia wakati huo si lazima liwe la bwana wa mwisho. Huenda ni la bwana wa babu yao, au jina walilokuwa nalo siku zote bila daftari kulijua. Tafuta 1870 kwa kila jina katika safu hiyo, kaunti ya shamba na zinazopakana nayo, ukianza na mama na watoto ambao umri na majina yao unayo tayari.